Kumtumikia Mungu kwa Upendo: Mwongozo kwa Mkristo Aliyechoka Kuhesabu Anachofanya

Mwongozo huu unamhusu Mkristo ambaye hajapoa hata kidogo. Anaamka alfajiri kuomba, anafunga Jumatano, anaimba kwaya, anaongoza seli ya mtaa (kikundi kidogo cha maombi), ameahidi mabati ya jengo jipya la kanisa, na Ijumaa usiku yuko mkeshani. Lakini moyoni anamwona Mungu kama mwenye duka aliyeshika daftari la madeni, na kila siku jina lake limo. Watu wa namna hii ni wengi katika makanisa yetu ya Uganda, na sisi tunaoabudu kwa Kiswahili tunawafahamu vizuri, iwe Kampala, Arua au Kasese, katika kambi za askari au katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Kyangwali. Mahubiri mengi wanayosikia yanawahimiza waongeze bidii, na himizo hilo, ambalo huenda linamfaa mvivu, wao linawaongezea mzigo ambao tayari umewashinda.

Ninachopendekeza hapa si kuacha huduma. Ni kubadilisha mpangilio wa mambo, ili kupendwa na Mungu kutangulie na kazi ifuate, na nimejaribu kueleza hatua ambazo mtu wa kawaida mwenye familia, kazi na kodi ya nyumba anaweza kuzifuata.

Chunguza unachokiogopa

Usianze kwa kubadilisha ratiba yako, kwa sababu tendo lile lile laweza kutoka katika upendo au katika hofu, na anayekutazama kwa nje hawezi kutofautisha. Chagua huduma moja unayoifanya kila juma, tuseme mkesha wa Ijumaa, kisha ukae peke yako ujiulize kwa unyofu: nisipokwenda juma hili, ninaogopa kutatokea nini?

Ukijibu kwamba utawakosa ndugu na utakosa kuimba pamoja nao, huna tatizo kubwa; nenda mkeshani ukafurahi. Ukijibu kwamba mchungaji ataulizia uko wapi, au kwamba akina mama wa ushirika watasema umerudi nyuma, basi umetambua kwamba sehemu ya ibada yako inaelekezwa kwa watu. Hilo halipaswi kukushangaza wala kukuvunja moyo, maana Yesu mwenyewe, katika Mathayo 6, alizungumza na watu waliosali, waliofunga na waliotoa sadaka kweli kweli, akawaonya kuhusu macho ya wanaowatazama.

Lakini lipo jibu zito zaidi, na kwa maoni yangu ndilo linalotesa watu wengi hapa kwetu. Mtu anaogopa kwamba akikosa mkesha, ulinzi utaondolewa: mtoto ataugua, biashara ya nguo za mitumba itakwama, adui aliyekuwa akitafuta nafasi ataipata. Wengi wetu tumetoka katika koo ambazo mizimu hutulizwa kwa sadaka, na sadaka ikichelewa, ugonjwa huingia nyumbani. Mtu anaokoka, anabatizwa, anabadilisha jina, lakini hesabu ile ya zamani anaingia nayo kanisani, na sasa anamlipa Kristo kwa mifungo na mbegu za fedha kama wazee walivyolipa kwa kuku. Ukijikuta hapo, sema waziwazi mbele za Mungu kwamba umekuwa ukimwogopa hivyo, halafu usome Warumi 8 yote, polepole, hasa mwisho wake, ambapo Paulo anataja mauti, mamlaka na yaliyopo na yatakayokuja, na kusema kwamba hakuna kinachoweza kututenga na upendo wa Mungu. Mkesha uliokosa haumo katika orodha yake.

Lipo pia jibu la kimya ambalo wachungaji hulisikia mara chache. Mtu alikuwa mwalimu Bukavu au muuguzi Bunia, huko Kongo, akakimbia vita, na leo anapanga foleni ya posho pamoja na watu wasiojua kwamba aliwahi kuwa na ofisi. Kanisani peke yake ndiko anakoitwa Mwalimu au Mzee, na ndiko anakopewa kiti cha mbele. Kumwambia mtu huyo kwamba ajinyenyekeze na aache uongozi ni ukatili unaojifanya ushauri wa kiroho. Aendelee kuongoza. Ila atafute walau mtu mmoja, jirani au mwenzake wa shambani, ambaye anamjua kwa jina lake tu na ambaye mbele yake anaweza kusema kwamba jana alilia. Kwa sababu yule anayeheshimiwa na wote lakini hajulikani na hata mmoja huishia kumwendea Mungu naye kwa cheo.

Kaa kwanza

Katika Mathayo 3, Yesu anatoka majini na sauti inasema kwamba huyu ni Mwana mpendwa ambaye Baba anapendezwa naye. Angalia mahali tukio hilo lilipo katika injili: hajahubiri, hajaponya mtu, hajalisha makutano, hajashinda jaribu la jangwani. Yohana katika waraka wake wa kwanza anaweka mpangilio huo huo kwa ajili yetu anaposema kwamba tunapenda kwa sababu Yeye alitupenda kwanza.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kila asubuhi, kabla hujashika simu na kabla hujaanza orodha ya maombi, kaa dakika kumi bila kuomba chochote. Soma kifungu kifupi, kwa mfano Zaburi 103, au Luka 15, au hicho cha ubatizo wa Yesu, kisha nyamaza. Anayeishi katika muzigo, yaani nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, pamoja na watoto wanne hatapata kimya hicho nyumbani, na asijihukumu kwa hilo. Kiti cha taksi kati ya Mukono na Kampala kinatosha, na msongamano wa magari utampa muda zaidi ya alioomba. Majuma ya kwanza utahisi kwamba unapoteza wakati, hasa ikiwa umezoea maombi ya sauti kubwa na ya kutembea huku na huku. Vumilia. Ila usihesabu ni siku ngapi umefanikiwa, na usitoe ushuhuda wa jambo hili katika seli, la sivyo baada ya mwezi mmoja dakika hizo kumi zitakuwa zimeingia katika daftari lile lile.

Ukifika kwenye Luka 15, usiishie kwa mwana mpotevu, maana wewe unayesoma mwongozo huu huenda si yeye. Msome kaka yake. Yeye hakuondoka shambani, hakuvunja amri, na alipokasirika aliitaja miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakupewa. Amekaa na baba yake miaka yote hiyo akidhani kwamba yuko kazini. Watumishi wengi wa kanisa, nikiwemo mimi siku fulani, wanaujua uchungu huo, hasa pale mtu aliyeokoka juzi anapopewa kipaza sauti. Baba alitoka nje ya karamu kumsihi huyu naye, jambo ambalo husahauliwa katika mahubiri mengi ya kifungu hicho.

Wale wa Namugongo

Kila mwaka tarehe 3 Juni mahujaji hukusanyika Namugongo kuwakumbuka mashahidi wa Uganda, waliouawa kwa ajili ya imani yao, na wengi huja kwa miguu kutoka Mbarara, Mbale, hata Kenya na Tanzania, wakitembea siku nyingi huku miguu ikiota malengelenge. Je, safari hiyo ni upendo au ni kujionyesha? Swali hili huulizwa kwa kejeli na ndugu zetu wa makanisa mapya, na kejeli hiyo naikataa, kwa sababu hao wanaouliza wana safari zao wenyewe, ambazo ni mifungo ya siku arubaini. Jibu linategemea moyo wa anayetembea, na kipimo chepesi kipo: mtazame anavyomtendea mwenzake anayechechemea nyuma. Anayemngoja, akambebea mfuko, akakubali kufika Namugongo akiwa amechelewa, huyo ameshaielewa hija kabla ya kufika.

Inasaidia pia kukumbuka ni nani hasa wanaokumbukwa huko. Kizito alikuwa kijana wa miaka ipatayo 14 katika jumba la Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana wa jumba hilo, alimbatiza huko Munyonyo tarehe 26 Mei 1886, na tarehe 3 Juni aliteketezwa kwa moto pamoja na Lwanga mwenyewe. Alikuwa Mkristo aliyebatizwa kwa siku nane. Hakuwa ameongoza kwaya, hakuwa amejenga kanisa. Mukasa Kiriwawanvu, aliyekufa siku hiyo hiyo, alikuwa bado mwanafunzi wa dini na hakuwa amebatizwa kwa maji. Hata hivyo, Papa Paulo VI alipowatangaza watakatifu mashahidi 22 wa Uganda mwaka 1964, wote wawili walikuwamo. Ukijiona huna rekodi ya kumwonyesha Mungu, kaa na habari za vijana hawa wawili. Na ikiwa rekodi unayo, na ni ndefu, kaa nazo zaidi, pamoja na 1 Wakorintho 13:3, ambapo Paulo anasema kwamba mtu aweza kutoa mwili wake uungue moto na bado, bila upendo, isimfaidie kitu. Hapa Uganda mstari huo hatuwezi kuusoma kama maneno ya kupamba hotuba.

Punguza kitu kimoja, na kingine kifiche

Baada ya majuma kadhaa ya kukaa, tazama tena huduma zako na uchague moja ya kuiweka chini kwa muda unaojulikana. Chagua ile inayokuletea sifa nyingi kuliko zote, kwa kuwa ndiyo itakayokufundisha haraka. Mwendee kiongozi wako ana kwa ana, usimwandikie WhatsApp, na umwambie kwa heshima: "Mchungaji, Bwana asifiwe. Naomba nipumzike kwaya mpaka mwisho wa Agosti. Sina ugomvi na mtu, wala sihami kanisa. Nahitaji kukaa na Bwana na kuwa nyumbani jioni. Naomba uniombee." Akikuuliza kama umeanguka dhambini, jibu bila kukasirika, maana swali hilo ni la kawaida kwetu. Kisha, wakati wenzako wanaimba mbele, keti kwenye viti vya nyuma pamoja na wageni. Jumapili ya kwanza utajisikia huna kazi na huna maana. Hisia hiyo ndiyo uliyokuja kuitazama, basi itazame na umweleze Mungu.

Kitu cha pili ni kutoa kwa siri. Makanisani mwetu si rahisi, kwa kuwa bahasha ya zaka ina jina, ahadi za harambee husomwa kwa sauti pamoja na kiasi, na hata ukituma fedha kwa simu jina lako linatokea katika ujumbe wa mpokeaji. Itakubidi utumie akili kidogo. Nenda kwenye duka la mtaa ambako mjane fulani anakopa sukari na sabuni, lipa deni lake, na umwombe mwenye duka asikutaje. Au peleka karo ya mtoto shuleni wewe mwenyewe na umwombe mhasibu asiseme imetoka wapi. Usichague mtu ambaye siku moja atagundua na kukushukuru hadharani. Halafu usimwambie mtu, hata mwenzi wako wa maombi, na uangalie jinsi ulimi unavyowasha. Ukimaliza miezi michache umenyamaza, utakuwa umejifunza mambo kuhusu nafsi yako ambayo hakuna semina ingekufundisha.

Nyumbani

Soma 1 Wakorintho 13:4–7 ukiwa na watu wa nyumba yako akilini, mmoja mmoja, ukianza na yule mwenye nafasi ndogo kuliko wote, ambaye mara nyingi ni msichana wa kazi au mtoto wa ndugu aliyeletwa kutoka kijijini. Uvumilivu, fadhili, kutokuhesabu mabaya: karibu yote anayoyataja Paulo ni mambo ambayo hayana jukwaa. Mtu anaweza kuhubiri Jumapili juu ya neema huku msichana aliyempikia chai alfajiri hajawahi kuulizwa kama na yeye angependa kwenda ibadani.

Kwa hiyo, weka zoezi la jioni. Siku mbili kwa juma, usiku ambao kwa kawaida ungekuwa kwenye mkutano wa kanisa, rudi nyumbani mapema, ule chakula pamoja na watu wote kwenye mkeka mmoja, na uwaulize habari za siku yao bila kugeuza jibu kuwa somo. Wengine watashangaa, na mtoto wa miaka kumi na tano huenda asijibu kitu kwa majuma kadhaa. Mke ambaye kwa miaka mingi amegawana mume wake na kamati tatu za kanisa huenda akawa na maneno, na maneno hayo yapokelewe bila kujitetea kwa kutaja kazi ya Mungu. Mume naye ambaye mke wake hupatikana zaidi kwenye ushirika wa akina mama kuliko sebuleni aruhusiwe kusema vivyo hivyo.

Martha wa Luka 10 hakukemewa kwa kupika. Yesu alimwambia kwamba anasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi, na fadhaa hiyo ilikuwa tayari imemfanya amlalamikie mgeni wake na kumshitaki dada yake. Ukiona huduma yako inakufanya uwe mkali kwa walio karibu nawe, umepata dalili ya kuaminika kuliko uchovu.

Siku utakapoanguka

Itakuja siku utakapokosa kwa kweli: umedanganya kazini, umemtukana kondakta, umerudia jambo uliloapa kuliacha. Mtu wa daftari hufanya mambo mawili siku hiyo. Hujificha kwa Mungu mpaka aone aibu imepoa, kisha hurudi na malipo, mfungo wa siku tatu au sadaka nono. Wewe rudi siku hiyo hiyo, mikono mitupu, kwa maneno machache. Mfungo waweza kuufanya baadaye kwa sababu nyingine, lakini usiwe faini.

Kisha mwambie ndugu mmoja. Hapa Walokole, yaani waliookoka wa uamsho wa zamani, wana urithi ambao tusiuache upotee. Uamsho ulioenea Afrika Mashariki baada ya Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church kukutana Kampala mwaka 1929 uliwafundisha watu kutembea nuruni, yaani kusema dhambi zao kwa uwazi mbele ya ndugu, Mwafrika na Mzungu, mwenye cheo na asiye na cheo. Desturi hiyo huua maigizo, kwa kuwa huwezi kuendelea kujionyesha mbele ya mtu anayejua ulichofanya Alhamisi. Najua pia kwamba yenyewe imewahi kugeuzwa maigizo, ambapo ushuhuda wa toba unaandaliwa vizuri kuliko wimbo wa kwaya na dhambi zinazotajwa ni zile zisizomwaibisha msemaji. Ndiyo sababu napendekeza ndugu mmoja au wawili, wanaojua kufunga mdomo, kabla ya kusimama mbele ya watu hamsini.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyekulia katika uamsho huo, alikimbilia Rwanda mwaka 1977 baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa tarehe 16 Februari chini ya utawala wa Rais Idi Amin. Alikuwa mhubiri anayejulikana katika nchi nyingi, na sababu ya kumchukia Idi Amin alikuwa nayo kuliko wengi. Baadaye alikiri waziwazi kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa umemwingia na kuukausha moyo wake, na kwamba ilimbidi apokee kutoka kwa Kristo msalabani uwezo wa kusamehe, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuwa nao. Mahubiri yanaweza kuendelea kwa ufasaha huku upendo umekatika, na aliyekuwa hodari kuliko wengi alihitaji kuomba apewe kama mtoto.

Kwa wanaosema hii ni ruhusa ya uvivu

Sivyo. Paulo, aliyeandika katika Waefeso 2 kwamba tumeokolewa kwa neema wala si kwa matendo, anaendelea katika mstari wa 10 kusema kwamba tuliumbwa tutende matendo mema, na kwingine anasema alifanya kazi kuliko mitume wote. Anayependwa hufanya kazi nyingi, na mara nyingi hudumu muda mrefu zaidi ya aliyesukumwa na hofu. Ukiona baada ya miezi sita umekuwa mzembe na hujali mtu yeyote, umepata uvivu na si pumziko; rudi kazini.

Kwa wachungaji na wazee wa kanisa

Mengi niliyoeleza yatamshinda muumini ikiwa kanisa lake linaendelea kumhesabu. Acheni kusoma kiasi cha ahadi hadharani. Tajeni jumla tu. Mtu akikosa ibada majuma mawili, atembelewe nyumbani na aulizwe kama ni mgonjwa au ana njaa, kabla ya kuulizwa kwa nini amerudi nyuma. Wapeni watumishi wote, kuanzia mpiga ngoma hadi mhasibu, mwezi mmoja wa mapumziko kila mwaka, ambao hawatahitaji kuuomba wala kuueleza. Na mchungaji awe wa kwanza kuuchukua, akiketi na familia yake katika viti vya nyuma wakati mtu mwingine anahubiri.